Siku Kilima Kilipokosa Nguzo

Mvua ile watu wa Sepuka waliiita Elinino, kama jina la mgeni mkorofi asiyejua kuaga. Mwaka uliotangulia jua liliunguza uwele ukiwa bado wa magotini. Mwaka huu maji yakaja usiku na mchana. Mzee Alute hakuhangaika. Tembe ni nyumba ya paa la udongo; likivuja unaongeza udongo juu. Ndivyo alivyofanya baba yake, na tembe la baba yake halikuwahi kumlowesha mtu. Basi alikuwa akipanda na karai la udongo wa kichuguu, anamwaga, anashindilia kwa miguu, anashuka, anapanda tena.

Binti yake Asnath, aliyekuja nyumbani kujifungua, alisimama mlangoni amempakata mtoto.

"Baba, shuka. Twende shuleni kwenye bati. Redio inasema bahari imepata joto, mvua hizi siyo zile zenu."

"Bahari umeiona wapi wewe?"

"Nguzo zinalia, baba."

"Zinadai udongo. Ngoja nizishibishe."

Mkewe Raheli, aliyekuwa akipuliza moto huko ndani, akacheka. Asnath hakucheka. Alimfunika mwanawe kanga mbili akaondoka kwenye mvua hiyo hiyo.

Alute alikuwa ameshuka kuchota karai jingine aliposikia mlio nyuma yake. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama ng'ombe anayepiga magoti. Alipogeuka, hakukuwa na tembe. Palikuwa na tuta la matope, na chini yake mbuzi analia. Kisha mbuzi akanyamaza.

Alisimama na karai lake. "Mama Asnath," aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Ndipo yowe likamtoka.

Majirani walikuja mbio na majembe. Zefania, balozi wa nyumba kumi, akapiga kelele: "Wekeni majembe chini! Mtamkata! Mikono!" Wakafukua kama mbwa. Walimkuta Raheli amejibana kando ya lindo, pipa la gome la kuwekea nafaka, boriti imeegemea juu yake, mguu umevunjika. Kwanza aliuliza, "Mbuzi wametoka?"

Zefania aliokota kipande cha nguzo kwenye matope, akakivunja kwa goti.

"Alute! Hii ndiyo nguzo?"

"Zile za baba zililiwa na mchwa. Nikaweka nilizopata."

Na aliyosema ni kweli. Miti minene ya kilimani ilikuwa imeshaondoka. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, malori ya mkaa yalikuja hadi milangoni, na mwaka wa njaa nani angekataa? Alute alichoma. Zefania alichoma. Kila mtu alichoma kidogo.

Usiku huo Alute na watu wake walilala shuleni. Kesho yake mvua ilipokatika, kijiji kikafanya kama desturi inavyotaka: nyumba ya mwenzako ikianguka, kila kaya inaleta nguzo moja. Wanaume wakapanda kilimani na mashoka, wanaimba. Wanawake wakatenga togwa. Walirudi kimya. Mmoja mmoja akatupa alichobeba mbele ya Alute, na rundo likakua, fito juu ya fito. Aliyebeba mti mkubwa kuliko wote alikuwa amebeba unene wa mpini wa jembe.

Hata Andrea, bingwa wa utani, alitupa ufito wake bila mzaha.

"Kijiji kizima?" Alute aliuliza. "Kilima chote kile?"

"Mimi nilijua kwangu miti imeisha," alisema Andrea taratibu. "Nikadhani upande wenu ipo."

"Na sisi tulidhani kwako ipo," jirani mmoja akamjibu.

Theodora, mke wa Zefania, alikuwa amesimama na kata ya togwa, hampi mtu. "Matope ya kilima yamelala kwenye alizeti yangu yote. Mlidhani yanashuka kwa nini? Hakuna kilichobaki cha kuyashika."

"Redio inasema ni moshi wa Ulaya unaoharibu hewa," mmoja akajitetea.

"Wa Ulaya siuwezi," akasema Zefania. "Wa kwetu nauona kwa macho. Leo hii tunavunja matanuri, langu la kwanza. Visiki viachwe vichipue. Tutalinda kwa zamu, na atakayekata atatoa mbuzi. Nani hataki?"

Hakuna aliyesema hataki. Lakini honi ikalia barabarani, na shingo zote zikageuka kwa mazoea. Alikuwa Godfrey, mnunuzi wa mkaa. Alishuka akiruka madimbwi.

"Shikamoo mzee. Pole sana, nimesikia. Nimekuletea dawa." Akafunua turubai: bati mpya, zinang'aa mpaka zinaumiza macho. "Ile miti ya chemchemi iliyo shambani kwako, nipe. Leo hii nakushushia bati za nyumba nzima."

Ndiyo miti mikubwa pekee iliyobaki kuushika udongo wa kilima, na ilikuwa ya Alute. Balozi hakuwa na neno juu yake. Alute alitazama bati. Akamtazama Raheli, aliyelazwa kwenye jamvi, mguu umefungwa fito. Akamtazama mjukuu wake asiye na paa, mikononi mwa Asnath.

"Mama Asnath, unasemaje?"

"Mimi nimetoka chini ya udongo jana," Raheli alisema. "Bati nazipenda. Lakini kilima kikishuka tena, bati zitakizuia?"

Alute akamgeukia Godfrey. "Ondoka na bati zako, mwanangu."

"Mzee, utalala wapi?"

"Kwangu!" alisema Andrea.

"Kwako? Kwako kunavuja kuliko nje!" Theodora akamkatiza. "Wanakuja kwetu."

"Mtoto na mama yake waje kwangu basi, nina chumba kikavu!" mwingine akadakia.

Wakawa wanagombana hivyo, huku wanne wameshamwinua Raheli na jamvi lake. Godfrey alipoona hakuna anayemtazama, akaanza kufunga turubai.