Kumwacha Mtu Alie

Mikono ya muuguzi ilikuwa imezoea kutumwa. Miaka yote aliyouguza katika wodi ya upasuaji, kilio kilikuwa kazi: sindano, bandeji, mto, kisha "pole, nyamaza, yatapita." Sasa, akiwa mwanafunzi wa ubingwa wa uuguzi wa afya ya akili, mikono hiyo ilikuwa mzigo.

Bwenini alizungukwa na wasichana wadogo waliomwita Shangazi. Walimheshimu mno, kiasi cha kutomkaribisha katika soga zao. Jioni mumewe alipiga simu.

"Hao wagonjwa utawaweza kweli, mama watoto? Usije ukaturudia unazungumza na ukuta."

"Nimeshaanza. Ukuta haunikatizi."

Mumewe alicheka, naye akacheka kwa adabu. Simu ilipokatika, chumba kikawa kipana kuliko kilivyojengwa.

Hakumweleza kilichomkosesha usingizi. Katika wodi ya wanawake alikabidhiwa mshonaji wa makamo aliyezika mwanawe, na tangu mazishi hakuwa ametamka neno. Wiki iliyopita mama huyo alifungua kinywa, akasema, "Mwanangu," akaanza kulia. Muuguzi, kwa mazoea, akampangusa machozi. "Nyamaza, mama, nyamaza." Naye akanyamaza, asiseme tena.

"Umefunga mlango ambao mwenyewe alikuwa anaufungua," mkufunzi wake alimwambia asubuhi baada ya simu ile, bila ukali, jambo lililouma zaidi. "Leo ni siku yako ya mwisho katika wodi hii. Nitakuwa nyuma ya kioo cha mlango. Ukiweza kukaa na mtu na maumivu yake, kesho unakwenda hospitali nyingine, wodi ya vijana. Ukishindwa, nitakurudisha upasuaji. Si adhabu, dada. Huko wanakuhitaji."

Mshonaji alikuwa kwenye benchi la dirishani. Muuguzi alivuta kiti, akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Mama alikuwa akipapasa pindo la kanga kwa ukucha, kana kwamba anatafuta mshono uliofumuka.

"Wiki iliyopita ulitaka kunieleza habari za mwanao," muuguzi alisema, "nami nikakunyamazisha. Nilikosea, mama. Nisamehe."

Kimya kikarefuka hadi akahisi kazi inamponyoka. Maneno ya kujaza pengo yalimjaa mdomoni. Akayameza moja moja.

"Nilikuwa namshonea shati la kuanzia kazi," mama alisema hatimaye. "Mkono mmoja ulikuwa bado."

Kilio kikatoka, kizito, cha kutikisa mabega. Leso ilikuwa mfukoni mwa muuguzi, na kila kidole chake kiliijua njia ya kuifikia. Hakuitoa. Alikaa, akasikiliza jinsi kijana alivyopenda kola ngumu, jinsi alivyokula amesimama, jinsi alivyoaga siku ya mwisho kana kwamba anaenda dukani tu.

Alipoinua macho, mkufunzi aliinamisha kichwa mara moja kukubali, nyuma ya kioo, akaondoka. Alikuwa amefaulu. Furaha ilibisha hodi, ikakuta hakuna wa kuipokea.

"Kesho utakuja?" mama aliuliza.

"Ndiyo" lilikuwa neno jepesi, tena tamu.

"Sitakuja, mama. Kesho naanza kazi kwingine."

Mshonaji akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.

"Basi usiondoke upesi."