Saa ya Nje

Mwalimu wa chekechea alikuwa na filimbi, watoto ishirini na wawili na matairi manne yaliyopakwa rangi. Kila saa nne asubuhi aliwapeleka uwanjani akawapanga. Mmoja anaruka matairi, wengine wanangoja zamu. Mstari ulinyooka, jamani, hata mwanajeshi angeusifu. Na saa ile aliipenda kuliko zote.

Siku moja mwalimu mkuu akasimama barazani nusu saa nzima, kisha akamwita.

"Mwalimu, yule wa kaptura nyekundu karuka mara mbili. Muda uliobaki kasimama anachokora pua. Kama ni kusimama, si wasimame darasani? Wazazi wananisumbua, watoto hawajui herufi. Nakupa mpaka Ijumaa. Nisipoona jasho, saa hii naigeuza ya kuandika."

Kesho yake mwalimu wa chekechea akapuliza filimbi zaidi, akafoka zaidi: "Haya, zamu ya nani? Haraka!" Wapi! Mstari ulibaki palepale. Ndipo kabinti kamoja kenye maneno mengi, wenzake walikaita Wakili, kakamvuta gauni.

"Mwalimu, tutacheza saa ngapi?"

"Na hapa mnafanya nini?"

"Hapa tuko foleni."

Lo! Neno hilo lilimchoma, hasa kwa kuwa lilikuwa kweli.

Ijumaa hakuvaa filimbi. Alitawanya matairi, akaweka ndoo, kamba na maboksi matupu, akakaa chini na kufunga mdomo. Hilo la mdomo lilitaka kumshinda. Mara sita aliuma ulimi. Watoto walimkodolea macho wakingoja amri. Amri haikuja. Wakili akasukuma tairi, likabingirika, wawili wakalikimbiza, na hapo uwanja ukachafuka. Mara wao ni magari, mara ni simba, mara nyumba inaungua na ndoo zinapelekwa mbio. Wa kaptura nyekundu alikimbia mpaka kaptura ikamvuka. Msaidizi wa darasa, dada mmoja mpole, kazi yake ilikuwa kufuta vumbi magotini.

Mwalimu mkuu alitazama mpaka mwisho.

"Hongera. Wametoka jasho. Saa yao siigusi tena."

Mwalimu wa chekechea alishusha pumzi. Alifurahi, tena sana.

"Ila nimeona wewe umekaa tu. Kwa kazi hiyo msaidizi anatosha. Kuanzia Jumatatu, saa nne utafundisha herufi darasa la wakubwa."

Alitaka kumwambia kwamba kukaa vile ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Lakini aanzie wapi? Mtu kamwona kwa macho yake kakaa chini.

"Sawa, mwalimu mkuu," alisema.

Jumatatu alisimama ubaoni na chaki. Nje kulikuwa na vishindo na vicheko. Alitega sikio, asikie kama kuna anayemwita. Hakuna aliyemwita. Walikuwa wanakimbia.