Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu ilikuwa programu ya simu. Jumanne fundi cherehani aliiacha, akafungua kitabu cha sarufi. Jumatano akakatakata maboksi kutengeneza kadi za maneno, na Alhamisi akamkimbilia bwana mmoja wa kwenye video, anayefoka kama dalali mnadani. Wiki tatu sasa alikuwa akijifunza Kihispania hivyo hivyo. Kila njia aliyoishika ilimwasha kiganja, akaitupa, akadaka nyingine.

Wala hakuwa akijifurahisha. Kaka yake, aliyehamia mbali na kuoa huko, alifariki mwaka uliopita, akaacha mjane na binti wa miaka sita asiyejua lugha nyingine ila hiyo. Mara ya kwanza walipopigiana simu ya video, fundi alitegemea simu imtafsirie. Alimwaga maneno yote matamu ya shangazi, simu ikayatema kwa sauti kavu ya bati, na mtoto akaangua kilio, akajificha chini ya meza. Baadaye wifi yake aliandika kwa tafsiri hiyo hiyo: "Tujaribu tena Jumamosi, baada ya wiki nne. Akikuogopa tena, safari ya kuja kwenu likizo tuiache. Sitamburuta mtoto kwa watu anaowaogopa."

"Nitasema naye kwa mdomo wangu," fundi aliapa. Sasa zilikuwa zimebaki siku nane.

Chumba cha kazi kilijaa vikaratasi. *Aguja* kwenye mto wa sindano, *tijeras* kwenye mkasi, na kimoja kikaenda kunasa kwenye pasi ya Mvuke, mpiga pasi aliyekuwa akigawana naye chumba kwa miaka kumi na mmoja.

"Dada, hiki kitaungua."

"Kisome kwanza."

"Nikikisoma hakitaungua?"

Fundi alikwisha kugeukia meza ya kukatia. Alikuwa na spika masikioni, somo likimwendea kasi, huku mkasi ukila kitambaa cha gauni la mkunga wa mtaa wa pili. Fundi yeyote anajua: ukikata mkono wa kwanza, unageuza karatasi ya kipimo, ndipo ukate wa pili. Yeye hakugeuza.

Mkunga alikuja jioni hiyo kujaribu. Akavaa upande mmoja, akavaa wa pili, akajitazama kiooni. Bega la kulia lilikuwa limejikunja kama sikio la mbuzi.

"Fundi," alisema taratibu, "nimezalisha watu miaka ishirini. Sijaona hata mmoja mwenye mikono miwili ya kushoto."

Mvuke alicheka mpaka akaweka pasi chini. Fundi aliomba radhi, akaahidi kutafuta kitambaa kingine, na mteja alipotoka akaketi kwa kishindo juu ya kiti chake.

"Hebu niambie," Mvuke akasema, "huyo mtoto utamwambia nini?"

Fundi akafungua simu, akamsomea aliyokwisha kujifunza. Tumbili anakunywa maziwa. Kitabu ni cha daktari. Mjomba wangu ana farasi wawili.

"Lo! Tumbili atafurahi sana. Mtoto sijui."

"Usinichokoze, Mvuke."

"Sikuchokozi. Kutwa nakusikia hapa: rangi gani, ndefu au fupi, unataka mifuko, njoo kesho ujaribu. Huna maneno mengine wewe. Hata kwa Kiswahili huna!"

Damu ilimpanda fundi. Alifungua kinywa amrarue, kisha akayarudia maneno hayo kwa kunong'ona: rangi gani, mifuko, njoo ujaribu. Akasimama. Akabandua vikaratasi vyote ukutani, mezani, hata kile cha kwenye pasi, kilichokwisha kubabuka pembe.

Akaandika kwenye karatasi moja sentensi kumi na mbili anazowaambia wateja kila siku ya Mungu, akamwomba wifi yake azirekodi kwa Kihispania, polepole, pamoja na namba za utepe wa kupimia. Kuanzia siku ya pili, kila aliyeingia alipokelewa kwa Kihispania kwanza, Kiswahili baadaye.

"Fundi amepandisha mashetani," mzee mmoja alinong'ona, akiwa amenyanyua mikono apimwe kifua.

"Nyamaza, baba, anakuhesabu," Mvuke akamjibu.

Jumanne mkono ulimwasha tena. Alikuwa ameona tangazo la programu mpya yenye mitihani na vikombe vya dhahabu. Akamkabidhi Mvuke simu mpaka jioni, akakanyaga cherehani kana kwamba anafukuzwa. Sentensi kumi na mbili. Kumi na mbili tu. Kufikia Ijumaa zilikuwa zinamtoka kabla hajazitafuta.

Jumamosi, saa kumi alasiri, uso wa mtoto ulitokea nusu, nusu nyingine nyuma ya mkono wa mama yake.

"*Soy tu tía*," fundi akasema. Mimi ni shangazi yako. "*¿De qué color?*" Rangi gani? Akainua vitambaa vitatu.

Kidole kidogo kikatoka.

"*Amarillo*."

Njano. "*¿Con bolsillos?*" Mifuko je?

"*Dos*." Miwili.

Mama akaleta utepe, akampima mtoto pale pale, na mtoto akazisoma namba mwenyewe, akijidai, huku fundi akiziandika kwa chaki mezani. Mara mtoto akatoa mafuriko ya maneno. Fundi hakuambulia kitu. Kidole chake kilielekea kwenye kitufe cha tafsiri, kikasita, kikarudi.

"*Otra vez*," aliomba. Tena. "*Despacio*." Polepole.

Mtoto akapumua, akarudia neno moja moja, kama anayemlisha mgonjwa. Gauni atalijaribu lini?

Jibu la hilo alilijua. Lilikuwa sentensi ya tisa.

"*La prueba es aquí*," akasema, akigonga meza yake. Kujaribu ni hapa.

Mtoto akaitazama meza, cherehani, na Mvuke aliyekuwa akipunga pasi nyuma kama bendera. Akamgeukia mama yake, akauliza jambo. Wifi akacheka, akajifuta macho, akaandika: "Anauliza begi lake la safari liko wapi."

Simu ilipokatika fundi alikuwa amekwisha kutandaza kitambaa cha njano.

"Pumzika kidogo, dada."

"Nipishe."

Akakata mkono wa kushoto. Akageuza karatasi ya kipimo, akaihakiki mara mbili, ndipo akakata wa kulia.