Ulimi wa Kuazima

Mafua yalimshika Mama Tangawizi siku ya Jumapili, yakamlaza siku nne, na yalipoondoka yaliondoka na ulimi wake. Si kwamba alishindwa kusema. Kusema angesema hata akiwa usingizini, mumewe ni shahidi. Kilichopotea ni ladha. Aligundua Ijumaa asubuhi akiwa dukani kwake, alipoonja juisi ya kwanza ya siku akaona ni kama anakunywa maji ya bomba. Akaongeza sukari, akaonja tena. Maji ya bomba. Akakata ndimu, akaikamulia mdomoni moja kwa moja, ndimu ya kumfanya mtu mzima akunje uso mpaka mashavu yafunike macho, na uso wake ukabaki umetulia kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la ofisi la ghorofa tano: blenda mbili, friji yenye mlango wa kioo, meza ya kukatia matunda, sinki nyuma, na dirisha pana la kuuzia. Kwa miaka sita wafanyakazi wa ghorofa zote walikuwa wakipanga foleni dirishani pale saa nne asubuhi. Jina la Mama Tangawizi walimpa wao, kwa sababu tangawizi aliitia katika kila kitu, hata katika tikiti maji ambalo halikumkosea lolote. Na kila asubuhi, mbele ya macho yao, alichota kijiko kimoja kutoka kwenye jagi, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, ndipo akamimina. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuonja. Alikuwa akisema kwamba anayeuza juisi bila kuionja mwenyewe ni tapeli, na hilo alilisema kwa sauti, akilikodolea macho duka jipya la ng'ambo ya barabara, ambako mashine ilikamua, mashine ikachanganya, na msichana mwenye kofia akabonyeza kitufe tu.

Sasa tapeli alikuwa yeye. Daktari alimwambia asiwe na hofu, ladha itarudi, labda baada ya wiki, labda baada ya miezi, maneno ambayo ni rahisi kusemwa na mtu ambaye haishi kwa kuuza juisi. Hakumwambia mtu mwingine ila mumewe, fundi umeme wa jengo lile lile, na huyo naye alimlisha kiapo. Kisha akajipa moyo. Miaka sita si mchezo, alijiambia, mikono yenyewe inajua.

Mikono ilijua kweli, lakini matunda hayakuwa na habari. Jumatatu kulikuwa na juisi ya tango. Kila anayekamua mboga anajua kwamba tango hukatwa ncha kwanza, na ile ncha huguswa kwa ulimi, kwa sababu hutokea tango moja chungu likaharibu jagi zima. Mama Tangawizi alikata ncha, akaigusa kwa ulimi kama kawaida, hakusikia kitu, akalitia kwenye blenda pamoja na spinachi na tofaa. Wa kwanza dirishani alikuwa mhasibu wa ghorofa ya tatu. Huyu alikuwa mtu mrefu, mkimya kupindukia. Kwa miaka yote sita alikuwa akisalimia, akinywa juisi ya tango kwa pumzi moja, akiweka glasi na kwenda zake. Siku hiyo alipiga mafunda mawili akasita. Akaitazama glasi. Akaiweka dirishani ikiwa nusu, akashukuru kwa adabu zake zote, akaondoka.

Heri angetukana. Nyuma yake wengine nao waliacha glasi nusu, na kabla ya saa tano Mama Tangawizi aliwaona kwa macho yake dada wawili wa mapokezi wakivuka barabara huku wakijifanya wanaangalia magari. Roho ilimuuma kiasi kwamba alikata nanasi zima kabla ya kukumbuka kwamba hakuna aliyeagiza nanasi.

Jioni mumewe alimwambia jambo ambalo alikuwa ameanza kulifikiria mwenyewe na kulifukuza: nyumbani kulikuwa na mtu mwenye ulimi mzima. Alikuwa na maana ya dada yake, yaani wifi yake Mama Tangawizi, ambaye alikuwa mpishi wa shule mpaka jiko la shule lilipofungwa, na sasa alikuwa na mwezi mzima analala sebuleni kwao akisubiri nafasi katika duka la vitambaa la binamu yao, mji wa mbali. Mama Tangawizi alikuwa akihesabu siku. Kisa chao kilikuwa cha zamani. Siku duka lilipofunguliwa, mbele ya ndugu wote waliokuja kupongeza, wifi alipewa glasi ya kwanza, akaonja, akasema kwamba inafaa sana kwa kikohozi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Tangawizi naye alicheka, na tangu siku hiyo hakusamehe.

Alimwambia mumewe kwamba afadhali afe na tai shingoni. Usiku akalala na wazo la dada wa mapokezi wakivuka barabara, na asubuhi akamkuta wifi yake akikunja shuka sebuleni, akamwambia yote kwa mkupuo mmoja, akiwa amejiandaa kuchekwa. Wifi hakucheka. Aliuliza tu kama anasikia harufu. Kidogo, akajibiwa. Wifi akafikiri, akasema basi atamwonjea mpaka ulimi urudi, ukisharudi yeye atakwenda zake kwa binamu. Kukosa kuchekwa kulimuudhi Mama Tangawizi kidogo, maana alikuwa na majibu tayari.

Tatizo lilikuwa wateja. Wamezoea kumwona yeye akionja, na aibu ya kuonekana anaonjewa kama mtoto hangeiweza. Wakatunga ishara. Wifi angekaa kwenye stuli karibu na sinki akimenya karoti, huku kikombe chake cha kuonjea kimefichwa chini ya meza. Akigusa sikio, sukari imepungua. Akikuna kichwa, ongeza ndimu. Akikohoa, maji. Akijipangusa mikono kwenye aproni, tayari. Na Mama Tangawizi angesimama dirishani na kijiko chake, aonje hewa, atikise kichwa kama bingwa.

Ikaenda vizuri siku nne. Siku ya tano wifi alikuja na nywele mpya, zimesukwa jana yake kwa mkono wa mtu asiye na huruma, na kichwa kilikuwa kinamwasha kweli kweli. Akajikuna. Mama Tangawizi akatia ndimu. Akajikuna tena. Ndimu. Wifi alipokuja kugundua kinachoendelea, ndimu nne zilikuwa zimeshaingia kwenye jagi la papai, na yeye, badala ya kukohoa, akaanza kupunga mkono kama mtu anayefukuza nyuki, ishara ambayo haikuwemo kwenye makubaliano. Watu kumi walipanda lifti siku hiyo na ganzi ya meno. Foleni ilipokwisha wanawake hawa wawili walitazamana, na kicheko kikawashika namna ya kwamba Mama Tangawizi aliegemea friji na wifi akakaa chini sakafuni kati ya maganda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja bila mmoja kuchekwa na mwingine.

Jambo moja halikuwa na ishara, nalo ni kupunguza tangawizi. Wifi hakuthubutu kuliomba. Lakini aliyekuwa akimenya tangawizi ni yeye, na kila asubuhi alileta kipande kidogo kuliko cha jana. Mama Tangawizi alikuwa amepoteza ulimi, si macho. Aliona. Alitaka kusema, akameza maneno, kwa sababu foleni ilikuwa inarefuka. Dada wa mapokezi walikuwa wamerudi na kuja na wenzao wa ghorofa ya tano. Na Jumatano moja mhasibu alikunywa juisi yake kwa pumzi moja, akaweka glasi, na hakuondoka. Alisimama pale, foleni nzima ikimsubiri.

"Niongezee," akasema.

Mama Tangawizi alimwongezea kwa furaha, na chini ya furaha ile kulikuwa na kitu kinachomchoma. Alikuwa anasifiwa kwa juisi asiyoijua ladha yake.

Kila asubuhi, akiinua chuma cha kufungia dirisha, wifi alimuuliza kuhusu ulimi kama mtu anayeulizia msafiri. Umerudi? Bado. Wiki ya kwanza Mama Tangawizi alijibu kwa huzuni, wiki ya tatu alijibu bila hata kugeuka, huku anapanga machungwa. Binamu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama bado wanamletea mtu au atafute mwingine.

Jumatatu ya wiki ya nne alichota kijiko cha juisi ya karoti na machungwa, akakipeleka mdomoni kwa maonyesho yake ya kila siku, na ladha ikaja. Kwanza utamu wa karoti, mzito kidogo, wenye udongo kwa mbali. Kisha chungwa. Na mwisho kabisa tangawizi, kidogo, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi kabla ya kuingia. Alifumba macho.

Alitaka kupanda juu ya meza apige vigelegele. Kisha likamjia jambo la pili, nalo lilimkata maini: juisi ile ilikuwa tamu kuliko yake. Hapakuwa na pa kujificha. Miaka sita alikuwa akiwanywesha watu dawa ya kikohozi, nao kwa hisani yao wakamwita jina zuri. Lakini jambo la tatu ndilo lililomshangaza. Ulimi umerudi, kwa hiyo wifi anaondoka. Alitafuta moyoni furaha ya kuipata sebule yake, furaha aliyoihesabia siku, akaikosa. Alichokikuta ni stuli tupu karibu na sinki, na hakukipenda hata kidogo.

Jumanne asubuhi wifi aliinua chuma, akauliza.

"Bado," akajibu Mama Tangawizi, na uongo ule ulimtoka laini kama parachichi lililoiva.

Akaendelea nao Jumatano. Uongo una kazi zake. Jioni hiyo mumewe alipika yeye, chumvi ikamponyoka mkononi, na Mama Tangawizi alikula sahani nzima bila kupepesa macho, wakati mumewe na wifi wakikimbilia maji. Alhamisi akajibu bado. Ijumaa akajibu bado, tena akaongeza na kushusha pumzi.

Ijumaa hiyo alasiri, foleni imekwisha, wifi alikuwa kwenye sinki akiosha blenda. Alisema bila kugeuka kwamba binamu amepiga simu tena, na kwamba begi lake limeshafungwa. Kesho asubuhi ataondoka.

Mama Tangawizi alimgeukia. Akasema la kwanza lililomjia. "Utaniachaje, na ulimi wangu ndio huu?"

Wifi alifunga bomba.

"Wifi, ulimi wako umerudi tangu Jumatatu."

Nje gari lilipiga honi, likapita. Mama Tangawizi akashika kitambaa cha kufutia meza, akaanza kufuta mahali palipokuwa pasafi.

"Ulionja ukafumba macho," wifi akaendelea, taratibu. "Asiyesikia ladha hafumbi macho, ya nini? Nikasema kesho ataniambia. Kesho yake ukasema bado. Ile chumvi ya juzi ndiyo iliyonimaliza, nilikuona unavyomeza. Nikafikiri unaona haya kunifukuza. Basi nimekurahisishia."

Mwanamke huyu, ambaye alimjibu mpaka daktari, aliendelea kufuta mahali pale pale. Alitaka kusema kwamba si haya. Alitaka kumweleza habari ya ile stuli. Alitaka kusema kwamba alikuwa amezisahau ladha, na zilipomrudia zilimrudia kwa mkono wa mtu mwingine, zikiwa nzuri zaidi, na kwamba lilimuuma na halikumuuma. Alichoweza kukitoa kilikuwa kifupi.

"Yako ni tamu kuliko yangu," akasema. "Niliogopa ukijua umerudi, utakwenda."

Wifi aligeuka sasa, mikono inachuruzika maji. Alimtazama, si kwa hasira, ila kwa uchovu wa mtu aliyefunga begi bila kutaka.

"Siku zote hizi umekula chumvi na kunidanganya," akasema, "wakati ungeniomba tu nibaki."

Kuomba hakukuwa katika tabia zake Mama Tangawizi. Hata mumewe alipomwoa, yeye ndiye aliyetaja tarehe. Akaweka kitambaa mezani, akakikunja, akakikunjua.

"Naomba ubaki," akasema.

 Wifi akafungua bomba, akarudi kwenye sinki, na sauti yake ikatoka katikati ya maji.

"Basi mpigie binamu wewe mwenyewe umwambie atafute mtu. Mimi nina blenda ya kuosha."