Injini ya Kisimani

Wanaume wa hotirodi, wale wanaokata magari ya zamani na kuyatia injini kubwa, hawaoni mahindi. Hupita katikati ya mashamba ya Kansas wasitazame hata jani moja, lakini wakipita chuma chenye kutu nyuma ya ghala shingo zinageuka zenyewe. Ndivyo alivyofika kwangu Kip Dressler wa Denver, mwezi wa Julai, ndani ya kigari cha mwaka 1932 kilichokatwa paa na kuvuliwa madigadi. Alipokuwa akishuka ungedhani dagaa anatoka koponi. Shati lake lilikuwa limetariziwa ndimi za moto, na nywele amezipaka mafuta hadi nzi asingepata pa kutua.

Hakupiga hodi. Alikwenda moja kwa moja kisimani akapiga magoti mbele ya Kraisla ya marehemu mume wangu, Emmett. Ni injini ya silinda nane, ina vichwa vipana kama mabega ya fahali, nayo imevuta maji pale tangu nilipokuwa bibi harusi. Mimi magoti yangu yana Mwenyewe mbinguni, kwa hiyo nilisimama nikamtazama.

"Mama, unajua una nini hapa?" akaniuliza.

"Maji."

Wifi yangu Twila akacheka hadi akashika nguzo.

Kip akatufundisha, maana watu hawa hawawezi kukaa bila kufundisha. Injini kama ile wanaitafuta nchi nzima, kwenye makaburi ya magari na kwenye maghala ya marehemu. Za visimani ndizo bora, hazikuwahi kuteswa barabarani. Hii ilikuwa halisi, alisema. Neno halisi alilitamka kama sisi tunavyotamka amina.

"Ukishaitia kwenye gari utaendesha kwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuendesha? Hapana, mama. Gari kama hilo linabebwa kwa trela, linakwenda maonyeshoni."

"Yaani inayofanya kazi uitoe kazini, ikakae."

"Ikatazamwe," akasema, wala hakuona aibu.

Alitaka tubadilishane injini kwa injini. Yeye angeleta yake nyekundu, ya nguvu za farasi mia nne. Twila akanivuta pembeni. "Wifi, kubali. Hii ikifa katikati ya msimu utamwita nani? Emmett?"

Hapo alinishika. Vipuri vya Kraisla vilikuwa vimeadimika, na mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele. Yakikosa maji wiki hiyo, gunzi hubaki na mapengo kama kinywa cha kizee, na msimu umekwisha. Nikakubali kwa sharti moja: nyekundu ivute maji hadi Jumatatu kwanza, ndipo Kraisla itoke shambani.

Ijumaa akaja na kigari chake, na rafiki zake wawili wakivuta trela yenye ile nyekundu. Walipoinua Kraisla, Kip akaanza kubandua kila alichokiita takataka za shamba. Akafika kwenye gavana, kile kichuma kinachoshikilia mwendo wa injini usipande wala kushuka. Akakifungua, akakitupa nyuma bila kugeuka. Kikapiga saruji ya kisima, kikapasuka.

"Nani anataka kutazama hicho?" akasema.

Nyekundu ilipowaka, njiwa wote wa ghalani waliruka. "Sikia hiyo!" Kip akapiga kelele. Mimi nilikuwa natazama bomba. Maji yalitoka kwa kwikwi.

Jumamosi asubuhi nikamkuta anafunga trela yenye Kraisla kwenye gari la rafiki yake. Nilikuwa nimeshaegesha trekta kuziba lango kabla sijasali.

"Mama, hata huniamini?"

"Nimeagizwa kumwamini Mungu. Wewe hukutajwa."

Kabla ya chakula cha mchana nyekundu ilianza kuchemka kama sufuria ya maharage. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya kunguruma kwenye taa za barabarani, si kubeba mzigo tangu macheo. Ikatoa moshi, ikagonga ndani kama vijiko kwenye debe, ikanyamaza. Majani ya mahindi yalikuwa yameanza kujikunja.

"Labda ilihitaji radieta kubwa zaidi," rafiki mmoja akasema.

"Ilihitaji kuzoea kazi," Twila akajibu. "Imefanana na mwenyewe."

Nikawaambia warudishe Kraisla. Walifanya hivyo juani, na ndimi za moto za shati zikawa nyeusi kwa grisi. Ikawaka. Lakini mara sauti yake ikaanza kupanda, ikapanda mno, na Kip akakimbia kuizima. Sote tukatazama vile vipande kwenye saruji. Fundi wa mjini hafungui duka hadi Jumatatu.

"Nitaufunga mkono wa mafuta kwa waya," akasema.

"Waya haina macho. Mkanda wa pampu ukikatika, injini itakimbia hadi ijipasue. Wewe macho unayo."

"Unasemaje?"

Nikamsogezea ndoo, nikaipindua. "Kaa hapo. Ushike huo mkono. Sauti ikipanda, punguza. Ikishuka, ongeza. Hadi Jumatatu."

Akacheka. Halafu akatazama lango, na trekta, na kigari chake kilichozibwa ndani. Akawatazama rafiki zake.

"Injini uliitaka wewe, ndugu," mmoja wao akamwambia. Wakaenda zao kwa miguu hadi barabarani kutafuta lifti.

Kip akaketi. Maji yakaja kwa wingi, yakajaza mfereji.

Jumapili asubuhi, nikitoka na Twila kwenda kanisani, alikuwa bado pale. Vumbi limeshikamana na yale mafuta ya nywele hadi kichwa kikawa kama tofali. Twila alikuwa amempelekea mkate wenye nyama baridi, naye aliula kwa mkono mmoja. Habari za kuitaka Kraisla zilikuwa zimemtoka kabisa.

"Bi Ardith!" akaita kwa sauti iliyokauka. "Niombee huko!"

"Leo naombea mahindi," nikamjibu.

Maji yalikuwa yamefika mwisho wa safu za mashariki. Nikapandisha kioo cha gari, maana vumbi lilikuwa jingi.