Matimba Chini ya Pikapu

Miguu ya mume wangu ilikuwa nje, mwili uliobaki wote ulikuwa chini ya pikapu. Jeki mpya alikwishaivuta kando. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nachambua mchicha, lakini macho yangu yalikuwa kwenye yale magogo mawili yaliyobeba gari, aliyoyaleta kutoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. La kushoto lilikuwa limeanza kuchanika, ufa mwembamba kama uzi.

"Baba Evelina, toka huko."

Akaendelea kugonga na spana.

Hasira yangu ilianzia Kahama, asubuhi ileile, kwenye duka la vipuri la Mwamvua. Mwamvua alituwekea jeki mbili sakafuni: moja ndogo, nyekundu, inang'aa bure, nyingine pana, ya tani tatu, yenye magurudumu ya chuma. Mume wangu Mabula akaipampu ile pana, mkono wa jeki ukapanda bila kukwama, akaridhika. Hapo nilimsifu, kuchagua anajua. Kisha Mwamvua akaleta stendi mbili zenye miguu minene na pini ya kufungia.

"Shemeji, jeki ni ya kunyanyulia tu," akasema. "Ukishanyanyua, gari likae kwenye stendi. Jeki ikivuja mafuta inashuka yenyewe, na wewe uko chini."

Mabula akacheka. "Mimi nimeshikilia mlima kwa magogo miaka yote hii, nitashindwa na kapikapu?"

Ni kweli. Kwenye maduara ya Segese yeye ndiye fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwafukie wachimbaji. Na wachimbaji wote watakuambia: timba likielemewa hulia kwanza, mtu akapata nafasi ya kukimbia. Chuma kinakatika kimya. Ndiyo maana Mabula hakuwahi kukiamini chuma.

Nikamvuta shati anitazame. "Chukua na stendi, nakuomba."

"Yaya," akanijibu, na Mabula akishakataa kwa Kisukuma ujue hapindiki.

Sababu yenyewe sikuweza kuisema mbele ya mwenye duka. Tangu baruti ilipolipuka karibu naye msimu wa mvua uliopita, masikio ya mume wangu yamekufa. Anatazama midomo ya watu, wakicheka naye anacheka. Jogoo wa jirani akiwika dirishani hamwamshi. Na wenzake kule chini wanamtegemea yeye awasikilizie matimba! Nilikuwa najua peke yangu.

Basi, nikiwa pale kwenye ndoo, gogo likalia. Ta! Kuku wakatawanyika.

"Mabula!" Nilimwita jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuzae. Spana ikaendelea, ngo, ngo, kwa raha zake. Gogo likalia tena. Nikatupa mchicha, nikamshika vifundo vya miguu, nikamvuta kama gunia la mpunga. Kichwa kilikuwa kimetoka tu pikapu ilipoanguka, vumbi likatufunika sote wawili.

"Una wazimu?" akafoka. Kisha akageuka, akaona. Akanitazama mdomoni. "Lililia?"

"Mara mbili."

Siku hiyo hakugusa chakula. Nikadhani yamekwisha, sasa atawaambia wenzake mwenyewe. Loo! Kesho yake namwona anavaa buti, taa kichwani, anaelekea duarani kama kawaida.

Nikajifunga kanga, nikamfuata. Wanasema mwanamke akisogelea mdomo wa duara dhahabu inakimbia; siku hiyo na ikimbie. Wachimbaji walikuwa wanajifunga kamba tayari kushuka. Mabula alikuwa mbele yao, ametupa mgongo, anachagua magogo.

Ezekiel, msimamizi wao, akanizuia kwa mkono. "Mama Evelina, huku huruhusiwi. Umefuata nini?"

Mkate wetu wote ulikuwa kwenye kazi ile.

"Mwite mume wangu," nikasema. "Usimsogelee. Mwite hapo hapo ulipo, kwa sauti."

Ezekiel akanishangaa, kisha akaita. Waliokuwa wanajifunga kamba wakageuka. Akaita tena, safari hii kwa nguvu zake zote. Mabula akachukua gogo jingine, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

Mmoja mmoja, wakaanza kufungua kamba.