Sahihi ya Mzazi

Fundi cherehani aliamka siku ile amenuna, na sababu aliijua mwenyewe. Pengo, binti wa miaka minane aliyepachikwa jina hilo tangu meno ya mbele yalipomtoka, alikwisha vaa na kukaa mlangoni, akiuliza kila mara kama muda wa kwenda kumwona mama mdogo kazini haujafika.

Huyo mama mdogo ndiye aliyemzaa. Alimzaa akiwa bado chuoni, akamwacha kwa dada yake mkubwa, Fundi, akiwa na miezi mitano. Jambo hilo halikuwa siri, Pengo mwenyewe alilijua. Lakini aliyemuuguza surua ni Fundi, na hatua za kwanza alizipiga akishikilia meza ya cherehani. Fundi ndiye aliyeitwa Mama. Sasa yule mdogo alikuwa amepata kazi ya kuongoza wageni kwenye hifadhi ya ardhioevu, na kila akipiga simu, Pengo hana wimbo mwingine ila ndege.

Walipofika hifadhini walimkuta kwenye chumba cha mafunzo, katikati ya makabati ya vioo yenye viota vikavu. Alivaa sare ya kijani, na mkononi alishika viatu vya mpira vya mtoto.

"Hebu jaribu hivi."

Vilimkaa Pengo sawasawa. Roho ikamuuma Fundi. Mwezi uliopita tu yeye alimnunulia mtoto viatu vya shule vikambana.

"Saizi umeijuaje?"

"Si nilimuuliza kwenye simu, Dada."

Kumbe mpaka viatu wanaongea!

Wakatoka na wageni wengine kama kumi, wakafuata daraja jembamba la mbao lililokatiza matete. Pengo alimng'ang'ania mama mdogo mkono. Akapewa darubini. Kila swali yeye ndiye wa kwanza kujibu: yule ni yangeyange, matete yanachuja maji machafu. Mtoto ambaye nyumbani kusema alichosoma shuleni ni mpaka abembelezwe! Fundi alifuata nyuma, viatu vyake vya ngozi vikiteleza, mkoba begani, kama msindikizaji tu.

Mama mdogo akasimama, akaonyesha ndege wa hudhurungi mwenye vidole virefu mno, akitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama.

"Huyu anaitwa sile-maji. Ajabu yake, jike akishataga anakwenda zake. Anayeatamia na kulea ni dume."

"Ajabu gani?" Fundi akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Wa kuzaa na kwenda zao tunao hata majumbani."

Wageni wawili watatu wakacheka, wakidhani ni utani. Mama mdogo akageuzia uso majini. Pengo akauachia ule mkono. Lakini hakuja kwa Fundi. Alikwenda kusimama peke yake kwenye ukingo wa daraja, ameinamisha kichwa.

Tangu waingie darajani Fundi alitamani mkono ule uachiwe. Umeachiwa, na hakuona utamu wowote.

Waliporudi, Pengo alibaki nje barazani. Mama mdogo akamvuta dada yake nyuma ya makabati.

"Ungenisema nyumbani, Dada. Si mbele ya mtoto."

"Nimekosa. Nisamehe. Wivu umenishika tangu vile viatu."

"Viatu?"

"Viatu, darubini, kila kitu. Naona unamchukua."

Mdogo mtu akatoa karatasi mfukoni: fomu ya kambi ya watoto, siku tano za likizo hapo kituoni. Jina, umri, darasa, vyote alikwisha vijaza. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa patupu.

"Hapo sijagusa. Ukikataa, haji."

Fundi akakaa na kalamu muda mrefu. Siku tano! Akatia sahihi, akatoka, akachutama mbele ya Pengo.

"Nilisema neno baya. Nimemwomba mama mdogo msamaha."

"Alitaka kulia."

"Najua."

"Na kambi nitakwenda?"

"Utakwenda."

Pengo akamrukia shingoni, akambana kwa nguvu, halafu akachomoka mbio kuingia ndani. "Mama mdogo! Mama mdogo, amekubali!"

Fundi akabaki amechutama. Akasikia wanacheka. Akainuka, akajipangusa magoti, akawafuata ndani.